Kabla hujapanda basi kwenda kupiga picha ya ubongo: mwongozo kwa familia yenye mgonjwa wa kifafa Kigoma

Mdogo wangu alianza kuanguka akiwa na miaka 15. Tunaishi Ujiji, na wakati huo alikuwa ameshaanza kwenda mwaloni Kibirizi kusaidia kuanika dagaa. Mwaka wa pili wa ugonjwa ukoo ulichanga, tukauza mbuzi wawili, akapelekwa mbali kupigwa picha ya ubongo. Majibu yakatoka: picha haina tatizo. Hakuna aliyekaa nasi kutueleza maana yake. Tuliporudi, baba akasema, "Si mmesikia wenyewe? Kichwani hamna kitu. Basi huu si ugonjwa wa hospitali." Vidonge vikapandishwa juu ya kabati. Wiki ya tatu mtoto akaangukia jikoni na mkono ukaingia kwenye karai la mafuta.

Kovu la mkono ule ndilo linaloniandikisha haya. Tulilipia picha tukiamini kwamba ndiyo itakayosema kama ana kifafa au hana, na kumbe kazi yake ni nyingine. Tangu hapo nimesindikiza familia kadhaa za mtaani kwetu, na nimeona kosa letu likirudiwa. Niliyoandika hapa ndiyo ningependa mtu angetuambia kabla hatujauza wale mbuzi.

Hatua ya 1: Elewa picha inatafuta nini

Kifafa ni hitilafu ya umeme wa ubongo. Chembe za ubongo huzungumza kwa umeme mdogo sana, na zinapofyatuka kwa pamoja bila mpangilio, mtu huanguka, hukakamaa, au hubaki akikodoa macho bila kusikia. CT skani na MRI, yaani mashine za kupiga picha ya ubongo, hazioni umeme huo. Zinaona umbo. Ni kama kupiga picha redio inayokoroma: unaweza kuona waya uliokatika au kutu, lakini mkoromo wenyewe huwezi kuuona. Na redio inaweza kukoroma huku waya zote zinaonekana nzima.

Kwa hiyo daktari hutambua kifafa kwa habari anayopewa. Kanuni ya kawaida ni kwamba mgonjwa awe ameanguka mara mbili au zaidi, matukio yakiwa yamepishana kwa zaidi ya saa 24, na pasiwe na sababu ya papo kwa papo kama malaria kali, sukari kushuka, au kuacha pombe ghafla. Picha huja baadaye kuuliza: kwa nini ubongo huu unafyatuka? Kuna kovu? Uvimbe? Kifuko cha mnyoo?

Ipo hali moja ambapo picha huingia kwenye utambuzi wenyewe. Mtu akianguka mara moja tu, na picha ikaonyesha kovu au uvimbe unaofanya uwezekano wa kuanguka tena kuwa mkubwa, daktari anaweza kusema ni kifafa na kuanza dawa bila kungoja tukio la pili.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kule Mahenge mkoani Morogoro, daktari aliyetoka Norwei, Louise Jilek-Aall, alikuwa anawatibu watu wenye kifafa. CT ya kwanza ya mgonjwa ilipigwa London mwaka 1971. Karibu miaka 10 kabla ya hapo yeye alikuwa anasikiliza, anatazama, na anatoa fenobabitoni, dawa ya kifafa. Nalitaja hili kwa sababu wapo wazazi wanaoahirisha dawa wakisema "tunasubiri kwanza tupate hela ya picha". Usisubiri. Habari ikishatosha, dawa inaweza kuanzishwa hata kwenye hospitali ya wilaya, picha ikafuata.

Hatua ya 2: Andaa habari ya kuanguka

Hapa ndipo ningekuomba utumie muda mwingi kuliko mahali pengine popote, na hapa hapagharimu kitu zaidi ya daftari la shule.

Aliyeanguka hakumbuki, kwa hiyo shahidi ni wewe, mwalimu wake, au mvuvi aliyekuwa naye ufukweni. Kila tukio liandike siku hiyohiyo. Mfano kutoka daftari la mdogo wangu:

"Jumanne, saa 12 na nusu asubuhi, anavaa viatu. Alisema anasikia tena ile harufu ya majani yanayoungua, wakati hakuna moto. Kichwa kikageukia kulia. Mkono wa kulia ukaanza kurukaruka, kisha mwili mzima. Macho wazi. Dakika 2 kwa saa ya simu. Aliuma ulimi pembeni. Alipoamka hakunitambua kwa muda, na mkono wa kulia ulikuwa mlegevu karibu nusu saa."

Mistari hii michache ina thamani kubwa. Upande wa kulia wa mwili unatawaliwa na ubongo wa kushoto. Tukio linaloanzia mkono wa kulia na kuuacha umelegea linamwambia daktari achunguze kushoto. Harufu isiyokuwepo inamwelekeza kwenye sehemu ya ubongo iliyo usawa wa sikio. Ukimwambia tu "anaanguka na kutoa povu", humwachii pa kuanzia.

Ukiwa na simu ya kurekodi, mwingine amhudumie mgonjwa na wewe urekodi. Chukua tangu mwanzo ukiweza, mwili mzima uonekane, kisha sogea usoni na kwenye macho, na usikate mpaka aamke. Video hiyo ni ya daktari peke yake. Kuisambaza kwenye makundi ya WhatsApp ni kumvua nguo ndugu yako mbele ya watu.

Kumhudumia maana yake ni hivi: mlaze kwa ubavu, ondoa mawe na moto karibu yake, weka kitu laini chini ya kichwa, na usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Povu haliambukizi, mguse. Tukio likizidi dakika 5, au akianguka tena kabla hajazinduka, tafuta usafiri wa hospitali.

Baada ya matukio, andika historia. Kaa na mama au bibi, kwa sababu wao ndio wanaokumbuka. Alipozaliwa alilia mara moja au alichelewa? Aliwahi kupata malaria iliyompotezea fahamu, au homa ya uti wa mgongo? Mikoa yetu hii imeumizwa sana na malaria: katika takwimu za kitaifa Kigoma iliongoza mwaka 2017 na Tabora mwaka 2022, na malaria ya ubongo huacha makovu. Aliwahi kugonga kichwa, kwenye bodaboda au kwa kudondoka mwembeni? Yupo ndugu mwingine anayeanguka? Nyumbani au kwa jirani kuna nguruwe wanaozurura na choo kisichofunikwa? Kama amepima virusi vya UKIMWI, majibu yake mpe daktari. Yote haya hubadilisha kile picha itakachotafuta.

Kuhusu degedege, uliza mahsusi, na uliza ilichukua muda gani. Wazee wengi huisimulia kama habari ya yule dege wa usiku anayeaminika kumpitia mtoto. Mwache mama asimulie kwa maneno yake, usimkatize. Unachotafuta ni umri na muda.

Hatua ya 3: Uliza kama picha inahitajika, na kwa haraka gani

Nenda leo hii, usingoje kliniki, kama mtu ameanguka baada ya kuumia kichwa. Kama mkono au mguu umepooza na haurudi. Kama ana homa na shingo imekaza. Kama kichwa kinamuuma na kutapika kila asubuhi. Kama ana virusi vya UKIMWI na hii ndiyo mara yake ya kwanza kuanguka. Kama hajarudi katika hali yake. Mjamzito akianguka, hiyo ni dharura ya uzazi mpaka ithibitike vinginevyo. Mkimbizeni.

Picha inahitajika bila dharura kwa mtu mzima aliyeanza kuanguka ukubwani, kwa yeyote ambaye tukio lake linaanzia upande mmoja, na kwa yule ambaye matukio yanaongezeka ingawa anameza dawa vizuri.

Wapo wasiohitaji picha. Mtoto mdogo aliyepata degedege fupi ya mwili mzima, mara moja, akiwa na homa, na akazinduka vizuri, anahitaji kutafutiwa chanzo cha homa. Pia kuna kifafa cha watoto wanaokodoa macho kwa sekunde chache mara nyingi kwa siku, ambacho daktari mzoefu hukitambua kwa habari na kipimo cha umeme wa ubongo (tazama Hatua ya 7). Hapo picha kwa kawaida haiongezi kitu. Usione haya kumuuliza daktari, "Picha hii ikitoka, itabadilisha nini kwenye matibabu?" Ni swali la heshima.

Hatua ya 4: CT au MRI?

CT skani hutumia mionzi ya eksirei, huchukua dakika chache, na ni nzuri kwa damu iliyovuja, mfupa uliovunjika, uvimbe mkubwa, maji yaliyojaa kichwani, na vidoa vigumu vyeupe vinavyobaki pale kifuko cha tegu, yule mnyoo wa nguruwe, kinapokufa ndani ya ubongo. Mionzi ya CT moja ya kichwa ni kama milisiveti 2 (kizio cha kupimia mionzi), karibu sawa na ile ambayo kila mtu hupata kutoka ardhini na angani kwa miezi kadhaa. Haitakiwi kuogopwa, ila haitakiwi kurudiwa ovyo, hasa kwa mtoto.

Nitoke kidogo kwenye njia niseme kuhusu tegu, maana uongo ni mwingi. Kula nyama ya nguruwe isiyoiva humpa mtu mnyoo tumboni. Vifuko vya ubongoni hutokana na kumeza mayai ya mnyoo huo, yanayotoka kwenye kinyesi cha mtu, kupitia mikono, maji au mboga. Kwa hiyo hata Mwislamu ambaye hajawahi kugusa nguruwe anaweza kuvipata. Na ukiambiwa vimeonekana, usikimbilie duka la dawa kununua albendazo, dawa ya minyoo. Vifuko vilivyo hai vikifa kwa pamoja ubongo huvimba, na hiyo ni tiba ya kusimamiwa hospitalini. Dawa za kichocho nazo zinaweza kuviua vifuko hivyo, kwa hiyo wagawaji wake wakipita mtaani, waambieni kwamba mgonjwa wenu ana kifafa kabla hajameza.

MRI hutumia sumaku, haina mionzi, na huona mambo madogo ambayo CT huyapita: kovu la hipokampasi, ile sehemu ya kumbukumbu iliyojikunja ndani usawa wa sikio, au kipande cha gamba la ubongo kilichojengeka vibaya tangu tumboni. Kwa kifafa kinachoanzia sehemu moja, MRI ndiyo picha bora. Lakini inatakiwa ipigwe kwa mpangilio wa kifafa, yaani vipande vyembamba vinavyokata hipokampasi kwa pembe yake. MRI ya haraka iliyopangwa kwa ajili ya kiharusi inaweza kulikosa kovu hilo kabisa.

Ushauri wangu: kama ni dharura, au CT ndiyo iliyo karibu, anza na CT. Usimsafirishe mtu mwenye kichwa kilichopasuka kwenda kutafuta MRI. Kama hakuna dharura na pesa ni ya kipimo kimoja tu, muulize daktari kama ni busara kuiweka kwa ajili ya MRI.

Hatua ya 5: Rufaa, fomu na pesa

Anzia zahanati au hospitali ya wilaya, upate barua ya rufaa kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo kwetu ni Maweni na kwa ndugu zetu wa Tabora ni Kitete. Huduma ya CT imesogezwa hadi ngazi ya mkoa miaka hii ya karibuni. MRI ni ya safari ndefu zaidi: Bugando mjini Mwanza, Benjamin Mkapa mjini Dodoma, au Muhimbili. Popote uendapo, piga simu siku moja kabla uulize mashine inafanya kazi, na uulize bei. Sijaandika bei hapa kwa sababu zinabadilika na bima hazilingani. Uliza bima yako inalipia kipimo gani na katika ngazi gani. Kama huna uwezo, nenda kwa ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kufika dirisha la malipo, na ubebe barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa.

Kisha tazama fomu ya kuomba kipimo. Fomu yetu ya kwanza ilikuwa na neno moja: kifafa. Daktari wa radiolojia, yule anayesoma picha, hakumwona mdogo wangu. Aliona neno moja na mamia ya vipande vya picha. Mwombe daktari aandike umri alipoanza, upande unaoanza, historia ya malaria au ajali, dawa anazotumia, na swali analotaka lijibiwe. Ukimwonyesha lile daftari, ataandika bila shida.

Hatua ya 6: Safari na siku ya kipimo

Dawa za kifafa hazisimamishwi kwa ajili ya picha. Zimezwe kwa saa zake, hata ndani ya basi, na zibebwe mkononi, zisiwekwe kwenye mzigo wa juu. Kukosa usingizi huleta matukio, kwa hiyo fika siku moja kabla. Mkienda Dodoma kwa treni, mgonjwa alale kitanda cha chini. Waende wasindikizaji wawili, mmoja wa foleni na mmoja wa mgonjwa.

Siku yenyewe, sema mapema kama mgonjwa ana ujauzito, ana pumu au mzio, ana ugonjwa wa figo, au anatumia dawa za kisukari, kwa sababu wakati mwingine huchomwa dawa ya kung'arisha picha kwenye mshipa.

Kwa MRI, chuma chochote kibaki nje: pini za hijabu, zipu, mkanda, shanga zenye waya, hirizi iliyofungwa kwa bati, wigi lenye vibanio. Kama aliwahi kuwekewa chuma mwilini, mashine ya moyo, au aliingiwa na kipande cha chuma jichoni gereji, aseme kabla hajafika mlangoni. Mashine hupiga kelele kama fundi anayegonga bati, kwa nusu saa au zaidi, na kutikisika kidogo tu huharibu picha. Mwambie hivyo kabla, asije akashtuka. Mtoto mdogo huenda akapewa dawa ya usingizi, basi fuata sawasawa maagizo ya saa za kufunga kula.

Ukiondoka, dai filamu au CD pamoja na ripoti. Usizikunje. Wakati wa masika zitie kwenye mfuko wa nailoni ndani ya bahasha.

Hatua ya 7: Kipimo cha umeme, EEG

Hiki si picha, lakini huenda pamoja nayo, na ndicho kinachosikiliza ule mkoromo wa redio. Waya hubandikwa kichwani kusoma umeme wa ubongo. Hazimtii mtu umeme wowote. Nywele zifumuliwe, zioshwe, zisipakwe mafuta. Mara nyingi huombwa mgonjwa apunguze usingizi usiku uliotangulia; fanya hivyo ukiagizwa tu. Karibu nusu ya wenye kifafa hutoka na majibu ya kawaida mara ya kwanza, kwa sababu ubongo haukufyatuka katika ile nusu saa. Si kila hospitali inacho, kwa hiyo kiulizie katika simu ileile unayopiga kuhusu mashine ya picha, ufanye safari moja.

Hatua ya 8: Siku ya majibu

Usipokee bahasha ukaondoka. Ripoti huandikwa kwa Kiingereza cha kitabibu, na daktari aliyeomba picha ndiye wa kuifasiri. Muulize mambo matatu: mmeona nini, kinalingana na namna anavyoanguka, na kinabadilisha nini.

Swali la katikati ndilo watu hulisahau. Picha zinaweza kuonyesha kitu ambacho hakihusiki, kifuko kidogo cha maji alichozaliwa nacho mtu, kwa mfano. Kitu kikiwa kulia na tukio linaanzia mkono wa kulia, daktari atasita, na asite.

Kama picha ni safi, waambie wazee wote mkiwa pamoja, tena kwa maneno mepesi: "Picha haikuona kovu wala uvimbe. Hiyo ni habari njema. Kifafa bado kipo, na dawa zinaendelea." Watu wengi wenye kifafa wana picha safi. Ningekuwa nimemwambia baba sentensi hizo tatu, mkono ule usingeungua.

Kama kuna kovu, dawa huendelea, na sasa mnajua chanzo. Kama kuna uvimbe, jipu au damu, uliza unakwenda kwa nani na lini. Upasuaji wa ubongo unafanyika kwenye MOI, taasisi ya mifupa na ubongo iliyopo Muhimbili, na daktari ndiye atakayeandika rufaa.

Mdogo wangu alirudi kupigwa MRI akiwa na miaka 19, baada ya dawa mbili kushindwa. Safari hii tulibeba daftari. Mama alikuwa amekumbuka kwamba akiwa na miaka miwili alipata degedege ya malaria iliyodumu tangu alfajiri mpaka walipofika kituo cha afya. Daktari akayaandika yote kwenye fomu. Kovu likaonekana, hipokampasi ya kushoto, dogo. Kichwa ni kilekile, ila safari hii aliyetazama alijua atazame wapi.

Hatua ya 9: Kurudia picha

Hakuna haja ya kupiga picha kila mwaka kama matukio yametulia. Rudia pale yanapobadilika sura, yanapoongezeka bila kukosa dozi, panapotokea udhaifu mpya wa mwili, au pale dawa mbili zilizochaguliwa vizuri na kumezwa vizuri zinaposhindwa. Ukienda, beba ile ya zamani hata kama ilikuwa safi, kwa sababu daktari wa radiolojia akiziweka mbili pamoja ndipo anapoweza kukwambia kama kovu limebaki vilevile au kuna kitu kimekua.